Saba ya Wagogo: namba ambayo kinanda hakiifikii

Mwaka 1712 mwanahisabati wa Ujerumani, Gottfried Leibniz, alimwandikia mwenzake Christian Goldbach barua iliyogusia muziki. Alisema kwamba wao, watu wa Ulaya, katika muziki hawahesabu kupita tano, na akawafananisha na watu ambao katika hesabu za kawaida hawavuki tatu. Kisha akaongeza kwamba lau wangejaliwa usikivu zaidi kidogo, wangeweza kusogea hadi namba tasa inayofuata, yaani saba. Akamalizia kwa kusema anaamini watu wa namna hiyo wapo. Hakusema wapo wapi.

Wapo Bahi.

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida, unaingia katika wilaya iliyozaliwa mwaka 2007 pale Dodoma Vijijini ilipogawanywa. Ni nchi kavu, ya mibuyu na miiba, mtama na uwele, mvua ya kubahatisha. Lakini Mto Bubu unashusha maji yake katika mbuga ya Bahi, na watu wanalima mpunga mahali ambapo mgeni asingetarajia kuona jaruba. Reli ya Kati inapita hapo. Wenyeji wengi ni Wagogo, na Wagogo ni watu wa muziki kweli kweli: wana zeze, wana marimba wanayoyaita ilimba, wana filimbi, wana ngoma za muheme ambazo wapigaji wake ni wanawake, wana nyimbo za nindo na za msunyunho. Ndani ya muziki huo, kutoka Bahi hadi Chamwino na Mpwapwa, namba saba inaishi. Siisemi saba ya bahati, wala saba ya waganga. Naisema saba inayopimika, iliyo ndani ya uwiano wa sauti na sauti.

Ili kuiona, anza na uzi mmoja. Uzi wa zeze uliokazwa ukiguswa hautetemi kwa namna moja tu. Unatetema mzima, na papo hapo unatetema kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo, kwa humusi, kwa sudusi, kwa subui, kwa thumuni na kwa tusui, na kuendelea. Kila kipande kidogo kinatetema haraka zaidi. Uzi mzima ukitetema mara 100 kwa sekunde, nusu zinatetema mara 200, theluthi mara 300, na subui, kile kipande kimoja cha saba, mara 700. Zote hizo zinatoka kwa wakati mmoja, na sikio huzikusanya na kusikia sauti moja yenye rangi yake. Sikio lililofundwa linaweza kuzitenganisha. Padri wa Ufaransa, Marin Mersenne, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha muziki cha mwaka 1636 jinsi alivyosikia sauti za juu zikitoka ndani ya uzi mmoja. Jina lake tutakutana nalo tena, kwa sababu ndiye pia aliyeachia hisabati orodha ya namba ambamo saba ina kiti chake.

Koo la binadamu linafanya kazi hiyohiyo. Mwanamume akiimba kwa sauti nene ya mitetemo 100, kooni mwake zimo pia 200, 300, 400 na nyinginezo. Akiimba irabu "a", umbo la kinywa huzipa nguvu zaidi sauti zilizo karibu na mitetemo 700. Yaani saba humkaribia mdomoni bila yeye kuitafuta.

Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyerekodi muziki wa Afrika Mashariki kuanzia miaka ile ya kukaribia uhuru, ndiye aliyeeleza kwa undani kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo imejengwa juu ya sauti hizi za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Tuzifuate kwa mfano wetu: 400, 500, 600, 700, 800, 900. Sasa, sauti moja ikiwa na mitetemo mara mbili ya nyingine, masikio ya watu karibu kila mahali huzichukua kuwa sauti moja, ya juu na ya chini, kama baba na mtoto wanavyoimba wimbo uleule. Kwa hiyo 800 ni 400 iliyopanda, na 900 tunaweza kuishusha iwe 450. Tukizipanga tunapata ngazi ya sauti tano: 400, 450, 500, 600, 700, kisha 800 inaanza upya. Waimbaji ni binadamu, sauti zao huyumba kidogo huku na huku, lakini ngazi yenyewe ndiyo hiyo.

Kuna jambo hapa linalochanganya watu. Muziki uliotufikia kwa shule na kanisa una sauti saba, do re mi fa so la ti, lakini katika uwiano wa sauti hizo, namba saba haimo. Ngazi ya Wagogo ina sauti tano tu, na saba imo. Tukiandika namba zake kwa vigawo vyake, hali inaonekana wazi: 4 ni 2 mara 2, 5 ni 5, 6 ni 2 mara 3, 8 ni 2 mara 2 mara 2, 9 ni 3 mara 3. Ngazi ya do re mi, kwa jinsi wataalamu wa Ulaya walivyoifafanua kwa karne nyingi, inatosheka na 2, 3 na 5. Ndicho alichokisema Leibniz. Wagogo wanazo hizo tatu na juu yake wana 7, ambayo haitokani na nyingine yoyote. Namba tasa zenye tarakimu moja ni nne tu, na zote nne zimo katika wimbo mmoja wa mavuno.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusiifikie saba kwa kuzungusha zile tatu? Tuzidishe theluthi na humusi na nusu mpaka tuiguse. Haiwezekani, na sababu ni moja ya nguzo za hisabati: kila namba nzima inavunjika kuwa namba tasa kwa njia moja tu. Ukizidisha 2, 3 na 5 kwa idadi yoyote, hata mara elfu moja, ndani ya jibu hutakuta 7. Utaikaribia, hutaifikia. Kwa hiyo mwimbaji anayeifikia hakuipata kwa kuchanganya sauti nyingine. Ameisikia yenyewe.

Tena haiimbwi peke yake. Wagogo huimba kwa sauti nyingi, na mpango wao ni mzuri kwa unyofu wake: anayeimba sauti ya juu huiruka sauti moja ya ngazi na kushika ile inayofuata. Mwenzake akiwa kwenye 4 yeye yuko kwenye 6. Akiwa kwenye 5 yeye yuko 7. Akiwa 6 yeye 8. Akiwa 7 yeye 9. Kati ya jozi hizo, 4 na 6 ni uwiano wa 2 kwa 3, na 6 na 8 ni 3 kwa 4. Hizo dunia nzima inazijua. Lakini 5 kwa 7, na 7 kwa 9, hizo ndizo zinazomfanya mgeni asimame aulize amesikia nini.

Mtoto wa darasa la tano anaweza kutueleza kwa nini mkusanyiko huo unashikamana. Amefundishwa Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS inayomsumbua kwenye mtihani. KKS ya 400, 500, 600 na 700 ni 100. Maana yake katika sauti ni kwamba waimbaji wanne wakishika sauti hizo, mitetemo yao yote inakutana upya mara 100 kila sekunde, bila kukosea. Sikio linaliona kutano hilo na kusikia chini ya kwaya sauti ya mitetemo 100 ambayo hakuna aliyeiimba. Ndiyo maana kikundi kidogo cha Wagogo kinaweza kusikika kizito kuliko idadi ya watu waliosimama uwanjani. Uzito huo ni KKS inayosikika. Ningekuwa nafundisha hesabu Bahi, somo hilo ningelianzia hapo.

Sasa tulete kinanda.

Kinanda cha kisasa kimegawanya ule mwendo wa kutoka 400 hadi 800 katika hatua 12 zilizo sawa. Kila hatua unazidisha kwa namba ileile, takriban 1.0595, ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 12 inatoa 2. Ni mpango wenye faida: wimbo unaweza kuanzia popote, na kinanda kimoja kinatumika kwa nyimbo zote. Lakini una gharama. Palipotakiwa 600, kinanda kinatoa 599.3, tofauti hiyo haisumbui mtu. Palipotakiwa 450 kinatoa 449.0. Palipotakiwa 500 kinatoa takriban 504. Sikio makini linaona. Na palipotakiwa 700? Kibonyezo kimoja kinatoa 672.7, kinachofuata kinatoa 712.7. Saba imeangukia katikati, mahali pasipo na kibonyezo. Ukichukua kilicho karibu zaidi, yaani 712.7, ukakipiga pamoja na mwimbaji aliyeshika 700 yake sawasawa, sauti mbili hizo zinagombana, zinayumba karibu mara 13 kila sekunde. Kwaya nzima inaonekana imekosea, na kwa kawaida anayelaumiwa ni mwimbaji.

Je, tuongeze vibonyezo? Tugawanye kwa 24, kwa 100, kwa 1,000? Hapa hisabati ina jibu la mwisho, na uthibitisho wake ni mfupi kiasi kwamba unaweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya basi. Tuseme umegawanya mwendo katika hatua sawa kwa idadi yoyote unayotaka, na baada ya hatua kadhaa umefika hasa kwenye uwiano wa 7 kwa 4. Zidisha uwiano huo wenyewe kwa wenyewe mara nyingi kama idadi ya hatua zako zote. Upande wa kinanda utapata 2 iliyozidishwa kwa 2 mara kadhaa. Upande wa saba utapata 7 zilizozidishana, juu ya 4 zilizozidishana. Hamisha zile 4 upande wa pili. Sasa una namba iliyojengwa kwa 2 peke yake, ambayo ni shufwa, na unadai ni sawa na namba iliyojengwa kwa 7 peke yake, ambayo ni witiri. Shufwa haiwi witiri. Basi. Hakuna kinanda chenye hatua sawa, hata kiwe na vibonyezo milioni, kitakachoigusa saba.

Uthibitisho huo, kwa haki, unazihukumu 3 na 5 pia, maana nazo ni witiri. Tofauti iko kwenye ukubwa wa kosa. Hatua 12 zinaikosa 3 kidogo sana, zinaikosa 5 kidogo, zinaikosa 7 kwa karibu theluthi ya hatua nzima. Na hapa pana jambo lililonifurahisha nilipolipigia hesabu: ukigawanya mwendo huo katika hatua tano tu zilizo sawa, hatua ya nne inaangukia 696.4. Iko karibu na 700 kuliko 712.7 ya kinanda chenye hatua 12. Hatua tano, idadi ileile ya sauti za Wagogo. Hatua hizo tano zingeiharibu 500 vibaya, kwa hiyo sisemi tutengeneze chombo cha namna hiyo. Lakini zinaonyesha kwamba wingi wa vibonyezo peke yake hauleti ukaribu na saba.

Tabia hii ya kukataa zana ni ya saba kila mahali, si kwenye muziki peke yake. Kuanzia moja hadi sita mambo yanakwenda. Saba ndipo yanapokwama kwa mara ya kwanza. Gawanya 1 kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 6: desimali zinakwisha upesi au zinarudia tarakimu moja. Gawanya kwa 7 na unapata 0.142857142857, tarakimu sita zinazozunguka bila mwisho. Na mzunguko huo ni wa ajabu. Zidisha 142857 kwa 2, unapata 285714. Kwa 3, 428571. Kwa 4, 571428. Kwa 5, 714285. Kwa 6, 857142. Ni tarakimu zilezile, kwa mpangilio uleule, zikianzia mahali tofauti, mfano wa wachezaji wa ngoma waliozunguka duara ambao kila mara mwingine anashika uongozi. Zidisha kwa 7 na duara linafunga: 999999. Kila mwanafunzi wa Tanzania aliyeambiwa aandike pai kama 22/7 amewahi kulikuta duara hili kwenye kikokotoo chake, 3.142857, pengine bila kulitambua.

Chukua bikari na rula. Unaweza kuchora umbo lenye pande tatu sawa, nne, tano, sita. Pande saba sawa huwezi, na si kwa kukosa ustadi. Bikari na rula hutoa vipeuo vya pili vya namba, na vipeuo vya pili vya hivyo tena, basi. Pembe ya umbo la pande saba inadai jibu la mlinganyo wa kipeo cha tatu ambao njia hiyo haiufikii. Carl Friedrich Gauss alitoa kanuni ya maumbo yanayochorika mwaka 1801, na Pierre Wantzel akathibitisha mwaka 1837 kwamba mengine yote hayachoriki. La kwanza katika yasiyochorika ni la pande saba. Jaribu tena kwa kujumlisha namba za mraba: 6 ni 4 na 1 na 1, namba tatu za mraba zinatosha, na zote zilizo chini ya saba zinatosheka hivyo. Saba inahitaji nne: 4, 1, 1 na 1.

Hata hivyo namba hii ngumu ndiyo tuliyoipa wiki zetu. Mwaka una siku 365, nazo ni wiki 52 na siku moja inayobaki, kwa sababu saba haiigawanyi 365. Ndiyo maana Sabasaba, sikukuu ya tarehe 7 Julai, haikai siku moja ya wiki. Chama cha TANU kilizaliwa Jumatano, tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata tarehe hiyo ikawa Alhamisi.

Nilisema Mersenne atarudi. Saba ni 2 mara 2 mara 2, ukitoa 1. Namba tasa za namna hiyo, yaani 2 zilizozidishana ukatoa 1, huitwa kwa jina lake: 3, 7, 31, 127, na kuendelea. Ni adimu mno. Iliyotangazwa mwezi Oktoba 2024 ina tarakimu zaidi ya milioni 41, na ilikuwa ya 52 tu kujulikana. Kwa kila namba hizo kuna namba timilifu inayozaliwa nayo. Inayozaliwa na saba ni 28, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake ukiacha yenyewe, yaani 1, 2, 4, 7 na 14. Na 31, inayoifuata saba katika orodha, inatupeleka moja kwa moja kwa mtu mwingine aliyeitafuta saba katika sauti.

Huyo ni Christiaan Huygens wa Uholanzi, yule aliyetengeneza saa ya timazi. Yeye hakukubali kwamba muziki ukome kwenye tano. Mwaka 1691 alichapisha maelezo ya kinanda chenye hatua 31 badala ya 12, na akasema saba inastahili kuhesabiwa miongoni mwa sauti zinazopatana. Hesabu zinamuunga mkono: hatua ya 25 kati ya 31 inaangukia 699.6, karibu kabisa na 700. Vinanda vya namna hiyo havikuenea. Baadaye Leonhard Euler, mwaka 1764, aliuchunguza mkusanyiko mmoja wa sauti unaopendwa sana Ulaya, ambao kwa hesabu zao ulikuwa 36, 45, 54 na 64. Akauliza kwa nini sikio linaufurahia ilhali namba zake ni ngumu. Jibu lake: sikio linaichukua 64 kana kwamba ni 63. Weka 63 kisha gawanya zote kwa 9, unapata 4, 5, 6, 7. Euler alikumbuka maneno ya Leibniz na akatamka kwamba muziki sasa umeanza kuhesabu hadi saba. Lakini kwake ilikuwa saba ya kuwaziwa. Kinanda kiliendelea kutoa kitu kingine, na msikilizaji akawa anakirekebisha kichwani. Ngazi niliyoieleza hapo juu, ya sauti 4, 5, 6, 7, 8 na 9, haihitaji kurekebishwa kichwani.

Swali linalobaki ni jinsi saba ilivyoingia kwenye ilimba. Chombo hicho ni sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vilivyobanwa upande mmoja. Vidole gumba vinavibonyeza na kuviachia. Juu ya tundu lake huwekwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo. Kipande cha chuma kilichobanwa upande mmoja hakitetemi kama uzi. Sauti ya pili iliyomo ndani yake si mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa chuma chenye unene sawa ni karibu mara 6.27. Hiyo si namba nzima, wala haina undugu na ngazi tuliyoieleza. Kwa hiyo chuma chenyewe hakiwezi kumfundisha fundi namba saba. Fundi wa ilimba anakuja na saba yake kutoka mahali pengine, kutoka kwenye koo, kwenye uzi wa zeze, kwenye filimbi, halafu anavuta chuma mbele na kukirudisha nyuma, anakirefusha na kukifupisha, mpaka kiseme kile ambacho sikio lake limekwisha kukijua. Mimi naona hapo ndipo ulipo usikivu ambao Leibniz aliuwaza. Na ilimba kubwa zina vipande vingine ambavyo vidole havivigusi kabisa. Vinawekwa ili vilie vyenyewe pale kipande kingine chenye mitetemo ileile kinapopigwa. Kipande cha namna hiyo ni hakimu: kikiwa kimepishana na mwenzake, kinanyamaza.

Aliyeupeleka muziki huu mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijijini mkoani Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya uhuru, baadaye akaishi na kufundisha Bagamoyo, akazunguka dunia na ilimba na zeze mpaka alipofariki tarehe 30 Desemba 2003. Albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 bado inapatikana. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita Zawose Queens, walitoa albamu inayoitwa Maisha. Sikiliza yoyote kati ya hizo mbili kwa vipokea sauti vya masikioni, mahali tulivu, na tafuta ile sauti ambayo mtu aliyezoea kinanda atasema imeshuka kidogo. Haijashuka. Ndiyo saba.

Mwenye gitaa anaweza kuithibitisha nyumbani. Uzi wa gitaa la kawaida una urefu wa takriban sentimita 65 kati ya egemeo la juu na la chini. Subui ya hapo ni sentimita 9.3. Weka kidole kwenye uzi, ukiugusa tu bila kuukandamiza, sentimita 9.3 kutoka egemeo la juu, kisha piga karibu na egemeo la chini na uondoe kidole. Utasikia sauti nyembamba, safi, ya juu sana. Tazama kidole kilipokuwa: kati ya kizuizi cha pili na cha tatu, mahali ambapo mtengenezaji wa gitaa hakuweka chochote.

Nawaomba basi walimu wa kwaya na vijana wenye studio za kurekodia, kuanzia Bahi hadi Dodoma mjini. Siku hizi ilimba hufanyiwa marekebisho kwa kinanda cha umeme au kwa programu ya simu inayowaka nyekundu kila inapokutana na 700. Programu hiyo imetengenezwa kwa hatua 12 na haijui namba nyingine. Sauti ya ilimba au ya mwimbaji ikivutwa mpaka ikae kwenye 712.7, KKS imevunjika, ile sauti nzito ya chini inapotea, na rekodi inabaki na wimbo ambao wazee hawakuuimba. Kabla ya kurekebisha, mwiteni anayejua kupiga zeze apime kwa sikio lake. Kisha zimeni ile programu na mrekodi kama ilivyo.